Sura ya Tano: Shimo Ndani ya Lupango

Mwaka 2014, mkazi mmoja wa Kasulo, mtaa wa pembezoni mwa Kolwezi, alichimba uani kwake na kukuta jiwe jeusi. Lilikuwa heterojeniti, jiwe lenye kobalti na shaba ndani yake, ambalo wanunuzi wa Kolwezi hulitambua kwa kulitazama tu. Habari ikaenea mtaa mzima. Muda si mrefu mashimo yakafunguliwa nyuma ya majiko, kando ya vyoo, hata ndani ya vyumba vya kulala. Vijana wakawa wanashuka kwa kamba chini ya sakafu ambayo usiku watoto wanailalia.

Mji wa madini kwa kawaida husimama juu ya mpaka. Upande mmoja kuna kazi, upande wa pili kuna nyumba. Mume huuvuka alfajiri, akarudi jioni, na neno lake nyumbani hupata uzito kutokana na kile alichorudi nacho. Kasulo iliufuta mpaka huo. Shimo lilipoingia ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, mke aliyekuwa akiusikia mgodi katika hadithi za mumewe alianza kupika kando yake, kuvuta vumbi lake, kuogopa ukuta wa nyumba yake usipasuke. Hapo likazuka swali ambalo ndoa nyingi zilikuwa zimelikwepa kwa miaka: nani aliamua kwamba hapa pachimbwe? Nani aliulizwa? Na fedha zitakapotoka, zitahesabiwa mbele ya nani?

Sura hii inafuata swali hilo. Mabadiliko ya uhusiano wa mume na mke katika Lualaba, mkoa wa Kolwezi uliokuwa zamani sehemu ya Katanga, yametokea kweli, na ni makubwa, lakini yamekuja kwa mpangilio unaowaumiza wanawake. Kwanza ulibadilika mzigo. Kisha ikabadilika sheria. Kilichochelewa ni uamuzi, na ninaamini hapo ndipo usawa unapopimwa.

Baba, kazi na poso

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka ya mwanzo iliajiri wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, wengine wakitoka mbali sana. Waliugua, walikufa, walitoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 wakubwa wa kampuni walibadili hesabu zao. Mfanyakazi mwenye mke na watoto hakimbii, huijua kazi yake vizuri zaidi, na wanawe watakuwa wafanyakazi wa kesho. Yakajengwa makambi yenye nyumba za familia, zahanati na shule.

Maisha ya kambi yalikwenda kwa poso, yaani mgao wa chakula. Mke alikuwa na fungu lake, kila mtoto fungu lake, lakini yote yalihesabiwa katika jina la mume. Mwanamke aliingia kambini kama mke wa fulani, na kama ndoa ikivunjika alitoka hana chochote. Wavulana walifundishwa ufundi wa mgodini. Wasichana na wamama walipelekwa kwenye vituo vya kijamii vilivyosimamiwa zaidi na watawa, wakafundishwa kushona, kupika, kufua na kulea. Nidhamu ya kazini na nidhamu ya nyumbani zilikuwa kitu kimoja: mume alimtii bosi, mke alimtii mume.

Inafaa kulisisitiza jambo hili, kwa sababu leo mtu wa Kolwezi akitetea picha ya mume anayelisha na mke anayekaa nyumbani akisubiri, huiita desturi ya mababu. Mababu walikuwa na desturi nyingine, na wala hazikufanana. Kwa Wachokwe, Waluena na Wandembu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno zito katika maisha yake. Kwa Waluba wa Katanga, mtoto ni wa upande wa baba. Kote huko mwanamke alilima, akavuna, akahifadhi chakula, na hakuna aliyemwita mtu anayelishwa. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937, uliwakusanya watu wa makabila hayo yote na kuwapa kielelezo kimoja cha familia. Kielelezo hicho kilichorwa ofisini, kwa manufaa ya uzalishaji wa shaba.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitwaa mali za Union Minière, na kampuni ya serikali ikazaliwa, ile iliyokuja kuitwa Gécamines. Jina lilibadilika, utaratibu ukaendelea. Hospitali, shule, unga, hata jeneza, vyote vilitoka kwa kampuni. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Maneno hayo yalikuwa na shukrani ndani yake, na pia yalieleza ukweli ambao haukusemwa waziwazi: baba wa nyumbani alikuwa na mamlaka kwa sababu nyuma yake alisimama baba mkubwa zaidi.

Mshahara ulipokatika

Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Gécamines tayari ilikuwa imechoshwa na madeni na faida iliyokuwa ikichotwa na watawala wa Kinshasa. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na kufikia mwaka 1994 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Miaka ya 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa Katanga kwa chuki iliyochochewa na wanasiasa. Kolwezi ikapoteza mafundi wengi, na ndoa za mchanganyiko zikakatwa katikati, mke akibaki huku na mume akipakiwa kwenye treni. Mishahara ikachelewa, kisha ikakoma kwa miezi mingi mfululizo. Kati ya mwaka 2003 na 2004, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walipewa fedha kidogo wakaondoka kazini, kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Nani alilisha nyumba katika miaka hiyo? Kila mtoto aliyekulia Kolwezi wakati huo anajua jibu. Wamama walilima pembezoni mwa mji, wakauza makala (mkaa), vitumbua, unga, chumvi kwa kijiko na mafuta kwa kipimo cha kikombe. Waliofika mpakani Kasumbalesa walirudi na bidhaa za Zambia. Waliweka fedha kwa likelemba, kila mmoja akipokea zamu yake, na kwa zamu hiyo mtoto alirudi shuleni au paa likaezekwa.

Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu kizima juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hadi 1997, kikatoka mwaka 2001 kikiwa na jina linalowataja wana wa Shaba, yaani Katanga, kama watoto walioachwa na baba yao. Baba huyo ni wawili kwa wakati mmoja, kampuni na mzazi. Kazi ilipoondoka, mzee aliyezoea kuamkiwa kwa heshima alikaa kibarazani mchana kutwa huku mkewe akirudi jioni na mfuko wa unga. Wengine walijirekebisha, wakajifunza kwenda shamba na wake zao. Wengine walijificha katika pombe, au katika ngumi.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapoizungumzia Katanga. Wanasema wanawake walikombolewa na shida, kwamba mgogoro uliwapa fedha na fedha zikawapa usawa. Fedha walizipata, ndiyo, lakini pamoja nazo walibaki na maji ya kuchota, bukari (ugali) ya kusonga, wagonjwa wa kuuguza na watoto wa kuogesha. Jina la kichwa cha nyumba lilibaki kwa mume. Mke alichukua wajibu wa mlishaji bila kupewa cheo chake. Jirani akimwona mume anafua au anabeba maji, angeuliza amelishwa dawa gani na mkewe. Kazi ya mwanamke ilipanda hadi ikafikia ya mwanaume, lakini kazi ya mwanaume haikushuka kukutana na ya mwanamke.

Lueji na mlango wa shimo

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilitambua uchimbaji wa mkono, na maelfu ya watu waliokuwa wamebaki bila ajira waliingia humo. Kazi ikagawanywa upesi kwa jinsia. Wanaume hushuka shimoni na kuchimba. Wanawake hubeba, hupasua, huchagua, hupepeta na kuosha mawe mtoni na kwenye mabwawa, mara nyingi na mtoto mgongoni. Mchimbaji ana fungu katika mzigo. Anayeosha hulipwa kwa gunia, malipo madogo, na bei ya jiwe ikipanda yeye haioni nyongeza. Kwenye depo za wanunuzi kifaa kinachoitwa Metorex hupima kiwango cha madini na mnunuzi hutaja bei. Mwenye mzigo hana njia ya kuhakiki, na mwanamke aliyekuja peke yake ana nguvu ndogo zaidi ya kubishana.

Kwa nini mwanamke hashuki shimoni? Jibu linalotolewa machimboni ni kwamba akishuka, hasa akiwa katika siku zake, jiwe litatoweka. Imani hii ina mizizi ya mbali. Lualaba ndiyo nchi ya Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Simulizi ya chanzo cha ufalme huo inamtaja Lueji, binti aliyerithishwa na baba yake bangili ya utawala, lukano, huku ndugu zake wa kiume wakinyimwa. Baadaye akaolewa na mwindaji mgeni, Chibinda Ilunga. Katika simulizi mojawapo, Lueji alimkabidhi mumewe bangili kwa sababu alikuwa katika siku zake na ilimpasa kujitenga. Bangili haikurudi mkononi mwake.

Simulizi hiyo inaweza kusomwa kama uthibitisho wa mwiko. Mimi naisoma kama kumbukumbu ya namna mamlaka yanavyoondoka. Baba alimwona binti kuwa anafaa kutawala na watu walimkubali. Kilichomwondoa ni sababu ya mwili wake iliyogeuzwa kuwa sheria ya kudumu. Jambo hilohilo hufanyika kwenye mlango wa shimo. Siku chache za mwezi zinatumika kumfungia mtu kipato cha mwaka mzima. Mwiko pia una faida kwa mtu fulani: huwaachia wanaume fungu nono la mzigo na kuwabakizia wanawake gunia la kuosha.

Katika miaka ya karibuni mwiko umepata mshirika mpya. Kanuni za uchimbaji wa mkono zinakataza wajawazito kufanya kazi machimboni, kwa sababu nzuri za kiafya. Lakini mlangoni, mlinzi hana njia ya kujua nani mjamzito na nani si mjamzito, na mara nyingi rahisi kwake ni kuwarudisha wote. Hivyo sheria ya kumlinda mama na mtoto huishia kuwa kisingizio cha kumnyima kazi kila mwanamke. Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo ilionekana Mutoshi, nje kidogo ya mji, ambako kati ya mwaka 2018 na 2020 kampuni ya Chemaf, pamoja na Trafigura na shirika la Pact, waliendesha eneo la uchimbaji wa mkono lililozungushiwa uzio. Wanawake waliandikishwa humo na kufanya kazi waziwazi. Jiwe halikutoweka.

Sheria ilivyogeuka

Sheria ya familia ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ya tarehe 1 Agosti 1987 haikuficha mawazo yake. Mume ni kichwa cha nyumba, anadaiwa kumlinda mkewe, na mke anadaiwa kumtii mumewe. Kwa kifungu cha 448, mwanamke aliyeolewa hakuweza kufunga mkataba unaomwajibisha bila ruhusa ya mume. Aliyetaka kuajiriwa, kukopa au kuuza alitakiwa kuonyesha idhini. Msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15 ilhali mvulana alingoja 18. Katika uzinzi mke aliadhibiwa kwa tendo lenyewe, na mume aliadhibiwa tu pale tendo lake lilipohesabiwa kuwa tusi kubwa kwa ndoa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliweka usawa wa kijinsia katika kifungu cha 14. Mwaka 2015 ikaja sheria ya haki za wanawake na usawa. Tarehe 15 Julai 2016 sheria ya familia yenyewe ikarekebishwa. Ruhusa ya mume ikafutwa. Badala yake mume na mke wanatakiwa kukubaliana kabla ya kufunga mkataba, kila mmoja na mwenzake. Kulindana kukawa wajibu wa wote wawili. Umri wa kuoa na kuolewa ukawa miaka 18 kwa wote, na uzinzi wa mume ukapimwa kwa mizani ya mke.

Sheria hiyohiyo iliacha neno moja mahali pake. Mume bado ni kichwa cha nyumba. Wabunge walitaka kukubaliana kuwepo na kichwa kiwepo pia, na hawakueleza nini kifanyike vikigongana. Mahakamani wakili anaweza kulijadili jambo hilo hadi jioni. Nyumbani jibu hupatikana mapema zaidi, kwa sauti ya aliye na nguvu.

Hata hivyo neno kukubaliana si dogo. Lipeleke Kasulo ulione likifanya kazi. Lupango lenye nyumba ni mali ya familia. Kufungua shimo ndani yake ni kuikodisha ardhi kwa kundi la wachimbaji kwa makubaliano ya kugawana mzigo, kuihatarisha nyumba, na kuwaweka watoto karibu na vumbi. Kama kuna tendo linalohitaji mume na mke wakae wazungumze, ni hilo. Lakini katika siku zile za pupa, mwenye lupango aliyetafutwa na wachimbaji alikuwa mwanaume. Mke alilijua shimo aliposikia chepeo.

Nani anatia sahihi

Aprili 2017 gavana wa Lualaba, Richard Muyej, alitoa amri ya kuwahamisha wakazi wa sehemu ya Kasulo. Eneo lilikabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, tawi la kampuni ya China ya Huayou Cobalt, liwe mahali pa uchimbaji wa mkono chini ya ushirika, na madini yauzwe kwa kampuni hiyo. Nyumba zilibomolewa, uzio ukajengwa, familia zikalipwa fidia zikatafute pa kukaa.

Fidia ya namna hiyo humfuata mwenye jina kwenye karatasi, na katika malupango ya mjini karatasi kwa kawaida ina jina la mume. Mke aliyeweka fedha za likelemba kununua mabati haonekani kwenye karatasi hiyo. Akiwa na mume mwema, watakaa na kupanga. Akiwa na mume mwenye nyumba ya pili mahali pengine, fidia inaweza kuezeka paa ambalo hatalala chini yake. Ndoa nyingi za Lualaba zimefungwa kwa mahari na baraka za wazee bila kuandikishwa serikalini. Mbele ya ukoo mke huyo ni mke kamili. Mbele ya karani hana ushahidi.

Kifo huonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Sheria ya urithi inawapa watoto fungu kubwa kabisa, wa kike sawa na wa kiume. Mjane yumo katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, ingawa sheria inalinda makazi yake. Mashimoni watu hufa: kuta huporomoka, hewa huisha, maji huingia. Mjane wa mchimbaji hujikuta katikati ya kilio akiulizwa na shemeji zake ziko wapi fedha za kaka yao, na lupango litakuwa la nani. Anayeijua sheria husimama na kubaki. Asiyeijua hufunga mizigo.

Kinachosemwa na kinachoaminiwa

Si Kolwezi peke yake iliyobadili vitendo kabla ya imani. India, nchi yenye mabishano ya muda mrefu juu ya jambo hili, inatoa kioo kizuri. Mwaka 2005 sheria iliwapa mabinti wa Kihindu haki sawa na ndugu zao katika mali ya pamoja ya familia, lakini mabinti wengi wameendelea kuwaachia kaka zao fungu lao ili undugu usivunjike. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya mahojiano na Wahindi karibu 30,000. Asilimia 62 walisema kulea watoto ni wajibu wa wazazi wote wawili. Asilimia 55 walisema wanawake na wanaume ni viongozi wazuri sawasawa. Na watu haohao, asilimia 87, walikubali kwamba mke anapaswa kumtii mumewe daima. Mtu anaweza kumpigia kura mwanamke mchana na kudai utii wa mkewe jioni, wala asione kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Kongo inaifahamu hali hiyo. Wizara ya madini iliongozwa na mwanamke, Antoinette N'Samba Kalambayi, tangu 2021 hadi 2024. Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka akateuliwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza katika historia ya nchi. Lualaba yenyewe inaongozwa na Fifi Masuka Saini, aliyekuwa makamu wa Muyej. Kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, wamama wa Kolwezi huvaa kitenge cha sare na kuandamana. Yote haya yana maana, kwani binti anayemwona mwanamke kwenye kiti cha gavana hawezi kuambiwa kwamba haiwezekani. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2013 na 2014 uligundua kwamba robo tatu ya wanawake wenyewe waliona kuna sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kubishana. Asilimia ya wanaume waliokubali hivyo ilikuwa ndogo kuliko ya wanawake. Katika utafiti huohuo asilimia 52 ya wanawake walikuwa wamepigwa tangu walipofikia miaka 15.

Takwimu hizo zisitumiwe kuwacheka wanawake. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni, na bibi, na shangazi, na mhubiri siku ya harusi, kwamba uvumilivu ndio taji la mke, huiona fimbo kama sehemu ya hali ya hewa. Kanisani Kolwezi, kwa Wakatoliki, Wamethodisti na makanisa ya uamsho, Waraka kwa Waefeso husomwa katika arusi nyingi, na mkazo mara nyingi huwekwa kwenye mstari wa mke kutii. Sehemu inayomtaka mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe ni ndefu zaidi, na ingehubiriwa kwa nguvu ileile ingebadili nyumba nyingi kuliko semina.

Mwili wa baba

Jambo moja limeanza kugeuza mazungumzo ya nyumbani kwa njia ambayo wanaharakati hawakuitarajia, nalo limetoka maabarani. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha utafiti uliofanywa Kasulo. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakazi wa penye mashimo, na watoto ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi uliwalinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio na kasoro. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote lilikuwa kazi ya baba. Kwa watoto wa wanaume wanaofanya kazi ya madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa zaidi ya mara tano ya ule wa watoto wengine.

Fikiria maana yake katika nyumba ambayo mimba imeharibika, au mtoto amezaliwa na mgongo wazi. Kwa vizazi vingi macho yote yalimgeukia mama. Alikula nini? Alitembea na nani? Amelogwa na ukoo gani? Ushahidi unasema tumtazame pia baba na vumbi analorudi nalo kwenye nguo. Wala haimaanishi kumhamishia mume aibu aliyobebeshwa mke. Inamaanisha kwamba uzazi na afya ya watoto ni mambo ya watu wawili, na kwamba kuoga kabla ya kumpakata mtoto, kufua nguo za shimoni kando na kulifukia shimo la uani ni malezi yanayomhusu baba moja kwa moja.

Mabinti nao wanakua katika hali tofauti na ya mama zao. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali haitozi ada, na ule mjadala wa zamani wa nani abaki nyumbani fedha zikipungua, ambao kwa kawaida ulimalizika kwa binti kubaki, umepoteza hoja yake kuu. Mtaani Kanina, mradi wa masista wa Bon Pasteur, ulioanzishwa na mtawa Mkenya Catherine Mutindi, aliyetuzwa Tuzo ya Opus mwaka 2019, umewatoa watoto machimboni na kuwapeleka darasani, na umewafundisha wanawake kilimo, ushonaji na haki zao. Mwanamke anayejua kusoma hati ya lupango huuliza maswali ambayo mama yake hakupata nafasi ya kuyauliza.

Kipimo cha usawa

Tukirudi kwenye mpangilio nilioutaja mwanzoni, mzigo ulibadilika kwanza, sheria ikafuata, uamuzi ukabaki nyuma. Kuusogeza uamuzi hakuhitaji kungoja kizazi kingine kizaliwe. Kunahitaji mambo ambayo viongozi wa mtaa, makarani, washirika wa machimbo na wachungaji wanayaweza kesho asubuhi. Ndoa ziandikishwe kwa gharama ambayo mchimbaji anaimudu. Hati ya lupango iwe na majina mawili. Ushirika wa wachimbaji umwandikishe mwanamke kwa jina lake, alipwe mkononi mwake, na kipimo cha madini kisomwe mbele yake. Katazo la wajawazito libaki katazo la wajawazito. Na nyumbani, kijana anayejua kushuka mita 30 chini ya ardhi kwa kamba ajue pia kuchota maji na kumwogesha mtoto, bila jirani kuuliza amelishwa nini.

Wako wanaume watakaoona kwamba wanapokonywa kitu. Ninawaelewa, kwa sababu baba zao walikwisha kupokonywa na kampuni heshima waliyoahidiwa, na hakuna aliyewaomba radhi. Lakini heshima ile ilikopwa kutoka kwa mwajiri, naye alipoondoka aliondoka nayo. Mume anayeulizana na mkewe kabla ya kuchimba ana heshima ambayo haitegemei bei ya kobalti sokoni. Sheria ya mwaka 2016 imetupa neno la kuanzia, kukubaliana. Litakuwa na uzito siku ambayo hakuna depo, ofisi ya mtaa wala kampuni itakayopokea sahihi moja kwa jambo linaloihusu nyumba ya watu wawili.